Mapunye Hayakutoka Kwenye Udongo

Enzi zetu pale Matema, mtoto wa kike alijua kubeba kabla hajajua kusoma. Wenzangu wa rika langu mnanielewa. Ukitoka shule unavua yunifomu, unatafuna ndizi ya kuchoma iliyobaki, unakwenda kuchota maji na kutafuta kuni za kuchomea vyungu vya mama. Jioni tunacheza rede ufukweni mpaka harufu ya usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani kwetu, itukumbushe kurudi nyumbani. Kwetu ngata ilikuwa moja tu, kitenge kilichochakaa tunakiviringisha na kukiweka kichwani chini ya mzigo. Ilizunguka vichwani mwetu sote, mimi, dada zangu na binamu zetu wa jirani. Na kuifua? Nani afue kitu cha kubebea kuni!

Bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuwa mfinyanzi mkuu wa nyumba. Mwaka ule alisema nimekua, nitakaa naye nifinyange chungu changu cha kwanza. Sikulala kwa furaha. Ndipo yakanitokea. Kwanza kiduara shingoni, chekundu pembeni, kimeinuka kidogo, kinatoa magamba, ila katikati ngozi ni safi. Kikapanuka. Kikaja kingine mkononi. Kichwani nywele zikakatika mabaka mabaka, na muwasho, jamani, muwasho ule ulinitoa machozi kanisani watu wakidhani nimeguswa na mahubiri!

Bibi alivitazama vile viduara, uso ukambadilika.

"Hii ni midomo ya vyungu," alimwambia mama. "Udongo umemkataa huyu. Asiuguse tena."

Nililia mpaka sauti ikanikauka. Kwetu, msichana aliyekataliwa na udongo alibaki kuanika usipa tu, huku wenzake wakifinyanga na kusifiwa sokoni. Nikapakwa kila kitu, mafuta ya taa, majivu, hadi maji ya betri, ambayo yaliniunguza nikakimbilia ziwani na nguo zangu. Msije mkajaribu, ngozi haina spea! Na ngata je? Ngata niliachiwa, kubeba hakuna aliyenikataza.

Aliyenikomboa ni mama. Hakumuaga bibi, alinishika mkono tukaenda zahanati. Nesi alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenyeji wa Makwale. Akanisogeza dirishani kwenye mwanga, akanigeuza shingo, akapekua kichwa.

"Mama, haya ni mapunye. Ni fangasi, udongo hauna kosa lolote. Nyumbani nani mwingine anajikuna?"

Mama akaanza kututaja mmoja mmoja, akihesabu kwa vidole. Walikuwemo binamu zetu, watoto wa wakulima wa mpunga, ambao hawajawahi kugusa udongo wa kufinyangia hata kidogo. Ila ngata ile wote waliitumia.

Tukapewa dawa sote tuliokuwa na mapunye. Mafuta ya kupaka yalikuwa ya viduara vya mwilini. Vidonge vilikuwa vya kichwani, maana huko, nesi alisema, dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. "Wameze baada ya kula, na muwasho ukiisha msiache. Malizeni dawa yote." Ngata mama aliitia motoni. Kila mtoto akapata yake, na kitana chake, na taulo lake, na nguo zetu zikachemshwa na kuanikwa juani.

Wiki zikapita. Viduara vikafifia, nywele zikachomoza, laini, nikawa nazipapasa siku nzima. Mama akanipeleka mbele ya bibi, binamu zangu wakitufuata nyuma, vichwa vimepona.

"Mama, hawa nao walikataliwa na udongo gani?"

Bibi akapitisha kidole shingoni kwangu, taratibu. Kisha akamega bonge la udongo akaniwekea kiganjani. "Haya, kaa hapa." Nikasema ndaga fijo mpaka akanicheka, maana asante moja isingenitosha. Chungu changu kilipotoka motoni bila ufa, nyumba nzima ilipiga vigelegele, na aliyepiga kuliko wote ni bibi mwenyewe!

Siku hizi wajukuu zangu ni wajanja wa simu. Wanaazimana wigi na kofia, kiduara kikitokea wanapaka krimu ya kung'arisha waliyoiona mtandaoni. Kinafifia kidogo, wanashangilia, halafu kinatambaa uso mzima. Hapo ndipo wanamkumbuka bibi yao. Nawapeleka zahanati huku nawacheka, wanapona, wanapendeza.

Wakishapona nawaita, "Njooni basi mkae hapa niwafundishe kufinyanga." Hakuna wa kuwakataza, udongo upo tele. Wanatazamana, wananijibu kwa heshima zote, "Bibi, tutaharibu kucha."

Kucha, jamani! Mimi niliulilia udongo huu, wao wanaukataa wenyewe.