Kafuri katika Kisanduku cha Lenzi

Harufu ya kafuri ilinifikia kabla kijana hajamaliza kufungua begi lake. Tulikuwa Queensburgh, pembeni mwa Durban, nyumbani kwa mjukuu wangu, ambako wapiga picha wenzake hukutana Jumapili kunywa chai na kubishana. Wengi ni vijana wa Kongo na Burundi wanaopiga picha za harusi na ubatizo. Siku hiyo kila mmoja alikuwa akisifu lenzi aipendayo, kama watu wanavyosifu wachumba. Mmoja wao, Fiston, akatoa begini kifuko kidogo cheupe, nami nikajikuta nimesogeza kiti nyuma.

"Papa, usiogope," aliniambia. "Iko kafuri tu. Durban iko na unyevu mingi, ukungu inakula lenzi. Hii inaifukuza."

"Eish, begi yako inanuka kama kabati ya bibi," mwenzake akamtania.

"Na bibi yangu hana ukungu," Fiston akamjibu.

Wakacheka. Mimi sikuweza. Nimepita miaka sabini, na jibu hilo nililihitaji nikiwa mtoto.

Niwaeleze basi. Sisi ni wale wazao wa watumwa walioachiwa huru ambao Durban inawaita Wazanzibari. Nilizaliwa Kings Rest, tulikokaa kabla Serikali ya makaburu haijatuhamishia Chatsworth. Kwetu kafuri nilijua ina kazi moja tu. Ilipoletwa nyumbani imefungwa kwa karatasi, watoto tuliambiwa tukacheze mbali, maana ndani maiti anaoshwa. Harufu yake ilibaki mlangoni siku kadhaa, baridi na safi, kama mgeni aliyesimama bila kusema shida yake.

Baba alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilikuwa ya mbao, yenye miguu mitatu, na lenzi yake ya shaba aliilaza peke yake katika kisanduku kilichotandikwa mahameli. Kisanduku hicho kilinuka kafuri. Sikumwuliza kwa nini. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyenilea, maana mama yangu sikumjua. Alizoea kusema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini yako maswali ambayo mtoto hujijibu mwenyewe, upesi mno. Niliamua kwamba mle ndani mlilala mtu.

Rafiki yake Baba, Bwana Pillay, naye mpiga picha, alitutembelea mara kwa mara, wakabishana juu ya lenzi hadi chai ikapoa. Ya Pillay ilikuwa mpya. Ilimnasa mtoto akiwa hewani anaruka. Ya Baba ilikuwa ya polepole. Aliondoa kifuniko, akahesabu kimoyomoyo, akakirudisha.

"Hiyo yako inafaa maiti tu," Pillay alimwambia siku moja. "Mtu gani mwenye roho atatulia kiasi hicho?"

"Na yako ni ya kibaka," Baba akasema. "Inanyakua na kukimbia. Yangu hukaa na mtu mpaka wazoeane."

Walicheka sana. Mimi nilikuwa chini ya meza na nilishika neno moja tu, maiti.

Asubuhi ya kuhama, Bibi aliomba picha mbele ya nyumba, yeye na mimi. Aliketi kitini, watu wakipita na magodoro na masufuria kuelekea kwenye lori. Baba akaniambia nimshike Bibi begani, nisitikisike. Akaondoa kifuniko. Lori likaunguruma, nami nikachomoka kwenda kuwahi nafasi ya mbele.

Picha ile Baba aliisafisha Chatsworth, bafuni, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Alinionyesha ikingali inachuruzika maji. Mtaa wetu ulikuwa mtupu. Wale wote waliobeba mizigo hawakuwamo, na nyumba zilikaa wazi kana kwamba ziliachwa zamani. Bibi peke yake ndiye aliyeonekana, akinitazama. Kando yake palisimama kitu kama moshi. Hakikuwa na uso. Kilikuwa na mkono, na mkono huo ulikuwa begani mwake.

"Huyo ni wewe," Baba alisema akitabasamu, kisha akageukia kazi yake.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba lenzi ya polepole haimwoni anayekimbia. Wakati ule nilielewa jambo jingine. Bibi alifariki kabla hatujazizoea njia za mtaa mpya. Kafuri ikaletwa nyumbani, nami nikasimama uani nikiinusa. Picha ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikwisha kuchukuliwa, aliyebaki ni mimi.

Nikafanya nilivyojua watu wazima humfanyia maiti. Baba alipokuwa barazani na waliokuja kutoa pole, niliiosha lenzi kwenye beseni, nikaifunga kwa kitambaa cheupe. Kabla ya kukunja pembe ya mwisho, nikaona ndani ya kioo uso mdogo uliogeuzwa juu chini, ukinikodolea macho. Nilichimba kwenye mteremko nyuma ya nyumba, nikailaza kuelekea kibla, nikasoma Fatiha, nikafukia.

Baba aliitafuta kila mahali. Aliponiuliza nilisema sijui. Nyingine hakuweza kuinunua, akaenda kufanya kazi kiwandani Pinetown, na harusi zake zikawa za Pillay. Nilipopata ujasiri wa kwenda kufukua, mteremko ulikuwa umechongwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Hata hapo sikusema. Kosa hilo la pili ni la mtu mzima, simpakazii mtoto.

Lakini kilichonitisha miaka yote ni kile kisanduku. Kilibaki rafuni, kitupu. Kila msimu wa mvua Baba alikifungua, akapangusa mahameli, akatia kafuri mpya. Nilimchungulia mlangoni, nikiamini anamhudumia mfu asiyeonekana. Aliendelea hivyo mpaka akafa.

Fiston alikwisha kufunga begi lake, vijana wamerudi kwenye ubishi wao, mimi nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai iliyopoa. Kafuri hufukuza ukungu. Na hakuna anayekilinda kisanduku kitupu dhidi ya ukungu, isipokuwa anayeamini kwamba aliyekichukua kilichokuwamo siku moja atakirudisha.

Bibi alipokwisha kufa, katika nyumba ile tulikuwa tumebaki wawili tu, Baba na mimi.