Mtu Anakosa, Tunakosoa

Fundi tunayemwita Mama Chaki, kwa sababu ya chaki anayoichomeka nyweleni, ana cherehani mbili barazani kwa duka langu la vitambaa. Moja anashonea yeye, nyingine wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo mafundi wawili walishamfukuza, na alikwisha kusema: nikiharibu na hapa, sishiki tena sindano.

Akaharibu. Sketi ya maua ya mteja wangu: mbele maua yametazama juu, nyuma yananing'inia kichwa chini kama popo. Na jora lenyewe lilikuwa limekwisha. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

"Dada, hayo macho umeazima?"

Akavua futi shingoni, akaanza kuikunja kama mtu anayefunga mizigo.

Mama Chaki hakupandisha sauti. "Jirani, hapo umemsuta. Hujamkosoa."

"Si yale yale?"

"Si yale yale. Mtu anashona, tunashonoa. Mtu anakosa, tunakosoa. Linatoka kosa, anabaki mtu. Wewe unataka atoke mtu, libaki kosa." Akaitandaza sketi mezani. "Wifi, hebu njoo. Haya maua yanaota kwenda wapi?"

Wifi akayatazama. "Ya nyuma yanaota kwenda kuzimu."

"Na kipande chenyewe umekikataje?"

"Kimenyooka tu. Juu na chini upana mmoja." Akaigeuza sketi juu chini. "Kumbe kinageuzika."

"Mimi sijasema kitu."

Wifi akashika wembe, akafumua mishono, akakipindua kipande, akashona upya. Jioni mteja akaivaa, akajigeuza mara mbili mbele ya kioo, akaenda zake hana habari.

Ulimi mkali umenijengea nyumba, siusemi vibaya. Ila mafundi wote niliowahi kuwasuta wamehama, na wifi wa Mama Chaki bado yupo. Tena kazi ya mwalimu wake ameijua barabara. Wiki iliyofuata aliingia dukani na kitambaa nilichomkatia mteja, akakilaza juu ya kaunta, na kwa upole kabisa akaniuliza, "Kaka, hivi mita ya duka hili inaishia wapi?"

Nikapima. Ilipungua vidole viwili. Nikamkatia kingine, na sikupata hata pa kukasirikia.