Sabuni ya Nahodha wa Marui

Juzi asubuhi nilikuwa sokoni Mlandizi nachagua nyanya, mama muuzaji, mwenyeji wa Marui, akaniuliza kama nimepata habari. Nikamuuliza habari gani. "Yule Nahodha wenu wa mazingaombwe tumemzika jana, mwalimu," akasema, kisha akatabasamu, na papo hapo akaniomba radhi kwa kutabasamu. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu na mimi nilikuwa natabasamu huku machozi yananilenga. Marehemu alikuwa mtu wa namna hiyo, hata kwenye msiba wake usingeweza kununa kwa muda mrefu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba enzi za Ujamaa nilifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa Marui. Nahodha alizaliwa pale, akawa ofisa wa jeshi la wanamaji, ingawa maji mengi tuliyokuwa nayo sisi yalikuwa ya kisima. Mazingaombwe alijifunza ng'ambo alikopelekwa masomoni. Siku moja atakwambia alifundishwa na mpishi wa melini, siku nyingine na kinyozi, nami sikuamini lolote kati ya hayo. Akija likizo alivaa sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ukaionea aibu kanzu yako, akapita nyumba kwa nyumba kuwaamkia wazee shikamoo, na kila mzee akatolewa yai nyuma ya sikio. Mzee mmoja aliwahi kumuuliza, "Hivi, baba, usiku ukiwakuta huko katikati, hiyo meli mnaifunga wapi?" Nahodha akamjibu kwamba haifungwi, inaendelea kwenda na wao wanalala kwa zamu. Mzee akatikisa kichwa. "Basi hayo ndiyo mazingaombwe. Ya mayai unatuchezea tu."

Kisa ninachotaka kuwasimulia kilitokea Sabasaba moja ya ile miaka ya uhaba. Aliyeishi wakati ule hahitaji kuelezwa, na asiyekuwapo hataamini nikimwambia kwamba tulifulia majani ya mpapai na kunywa chai kwa chumvi. Nahodha aliweka sanduku tupu mezani mbele ya ofisi ya kijiji, akalipiga ndani kwa fimbo tulisikie, akalifunika kwa kitambaa. Halafu akatoa sabuni ya mche. Akatoa nyingine, akatoa na pakiti za sukari. Kwingineko duniani watu wangepiga makofi. Kwetu watu waliinuka na kupanga foleni! Hakuna aliyeamrisha. Miguu ilikwishazoea kwamba sabuni ikionekana unajipanga kwanza, maswali baadaye. Mama mmoja alimpa mwenzake mtoto amshikie nafasi, yeye akakimbilia nyumbani kuchukua kikapu.

Nahodha alicheka mpaka akashika meza. Aliposema kwamba haya ni mazingaombwe, hakuna cha kugawa, nyuso zikabadilika. "Kumbe mali ipo, inafichwa!" sauti ikatoka nyuma. Macho yote yakamgeukia mwuza duka la kijiji, mzee mpole mwenye koti moja, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amewatangazia kwamba sabuni haijaletwa. Nani mwingine angempa ofisa mzigo wote ule? Siku zile neno mlanguzi lilitosha kumpeleka mtu ndani, na mgambo wawili walikwisha kumshika mikono. Mzee alikuwa akirudia neno moja tu, "Wallahi, wallahi," mpaka sauti ikamkauka. Mimi mwalimu, mtu wa maneno mengi, niliogopa na sikufungua kinywa.

Ofisa mwenyewe hakuna ambaye angemgusa. Gari la jeshi lilikuwa likimsubiri, na angeweza kuondoka na sanduku lake bila kuulizwa. Badala yake alipaza sauti ya kijeshi tusiyowahi kuisikia kwake. "Mwachieni mzee! Mwenyekiti, naomba panga." Akaweka mche wa sabuni mezani, akaukata. Ulikuwa mti, umechongwa na kupakwa rangi. Akapasua pakiti ya sukari, yakamwagika maranda ya fundi seremala. Kisha akalipindua sanduku, akamwita mwenyekiti ainue kwa mkono wake mwenyewe ule ubao wa pili uliokuwa chini. Nahodha aliwahi kuniambia kwamba hata mkewe hajui siri ya sanduku lile.

Yule mama aliyekimbilia kikapu akalalamika, "Jamani, mti! Na mimi nimeshaloweka nguo!" Kijiji kizima kikaangua kicheko, mgambo wakiwamo. Mwuza duka aliketi chini pale pale, akalia kwa furaha.

Nilidhani mazingaombwe ya Nahodha yamekufa siku ile. Mwaka uliofuata watu wenyewe ndio waliomdai atoe sabuni. "Lakini si mnaijua?" akauliza. "Tunaijua, wewe toa tu!" Wakapanga foleni huku wanacheka, na mbele kabisa alisimama mwuza duka na kikapu mkononi.

Tangu hapo nimewajua wakubwa wengi wa ofisini wanaoamini kwamba wakiwaeleza watu kazi yao inavyofanyika, heshima itapungua, na wako tayari mnyonge aumie ili wao wasiulizwe. Huwa natamani wangekuwapo Marui siku ile. Nahodha alipoteza siri moja mbele ya watu wake, na muuza nyanya aliniambia kwamba siku ya mazishi jeneza lake lilipokezanwa na mikono mingi kiasi kwamba wengine walirudi nyumbani bila kulifikia.