Miti ya Kipoyi

Kiharusi kilipompiga baba yangu kilichukua upande wote wa kushoto, kikatuachia ulimi. Ulimi wenyewe ulikuwa mkali hata kabla ya ugonjwa. Niliteremka kutoka Kimemi, Butembo, na cherehani yangu, nikahamia kwake Beni. Ndugu zangu walibaki kutoa mashauri kwa simu, na mashauri hayajawahi kumgeuza mtu kitandani.

Alichokitaka baba kilikuwa wazi. Kwetu milio ya risasi ikianza watu hukimbia, na asiyeweza kukimbia hubaki. Yeye alikuwa amesaidia kuwazika waliobaki.

“Unirudishie miguu,” aliniambia. “Kama hapana, siku ya kukimbia utanibeba, na tutakufa sisi bote mbili.”

Hospitali, mtaalamu wa kunyoosha viungo alinionyesha vyuma viwili ambavyo mgonjwa hushika akijifunza kutembea katikati. Kuvinunua sikuweza, basi nikajitengenezea vyangu. Nilipitisha kamba juu ya boriti ya sebule, mkono mzima uuvute ule uliolala, na kishikio nikakishona kwa suruali kuukuu ya jinzi ili vidole visichomoke. Nikaweka mabeseni mawili na mbegu za kakao, azihamishe moja moja kwa mkono mbovu. Alizimwaga, akatukana, akaokota.

Ikabaki miti ya kushika. Mikaratusi niliyoipata ilikuwa na vibanzi, na kiganja chake cha kushoto kilikuwa hakisikii kitu, angechanika bila kujua. Jirani yetu, mkulima wa kakao, ndiye aliyetunza kipoyi cha mtaa, ile machela tunayobebea wagonjwa na maiti mahali pikipiki haifiki. Alifungua turubai lake akanipa miti yake miwili, iliyolainishwa na mabega ya watu. Mashimo ya nguzo alichimba mwenyewe. Tukailaza miti juu ya nguzo, tukaifunga kwa mipira ya tairi.

“Lakini siku kutakuwa lazima, tutakuja kuikamata,” alisema.

Mgonjwa haulizwi uji, nami sikumwuliza baba. Alipoishika tu aliitambua.

“Hii ilibeba mama yako.”

Nikamjibu kwamba ilimbeba vizuri, haikumwangusha. Alinuna siku nzima, halafu akaanza. Jasho lilimtoka na matusi pia. Mvua zilipokwisha mguu ulikuwa umeacha kuburuzika, nami nikaanza kuamini kwamba siku ile ikija tutakimbia wawili.

Asubuhi moja wanaume wa mtaa waliingia uani bila kubisha hodi. Baba alikuwa katikati ya miti, ameishika yote miwili. Walisimama wakimtazama mikono. Mwishowe mmoja akasema jirani yetu amekutwa shambani kwake, kando ya barabara ya Eringeti, amekatwa mapanga, na gari haliwezi kufika alipolala.

Nikataka kuwaambia wangoje nilete kiti. Baba alinitangulia.

“Mufungule,” alisema. “Miye nitasimama.”

Wakaikata mipira, wakaitoa miti chini ya viganja vyake. Alisimama bila kushika kitu mpaka wa mwisho alipotoka. Ndipo nikamdaka, tukaanguka pamoja kwenye vumbi, tukalia. Mimi nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana mashimo aliyoyachimba yule mtu yalikuwa pale pale mbele yangu.

Baada ya mazishi waliirudisha miti, imeoshwa, bado ina maji. Nikatafuta mipira mipya niifunge. Baba akakataa.

“Uiache kwa mulango,” alisema. “Batairudilia.”

Tangu siku hiyo anajifunza kwa kushika ukuta wa nyumba, na udongo umeingia weusi mahali kiganja kinapopita. Kukimbia bado hawezi. Miti imeegemezwa karibu na mlango wa ua, na wamekwisha kuja tena kuichukua. Baba ndiye aliyetembea hadi pale akawafungulia mlango.