Njuga za Ghorofa ya Juu

Juzi, hapa Columbus, nilimwona msichana akifunga njuga za ngoma ya Kihindi, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu kule Louisville. Mama alikuwa anakaanga vitunguu. Ghorofa ya juu, mama yake rafiki yangu Mira alifoka, “Ta thei thei tat!” kisha dari yetu ikatetemeka.

“Mama, anampiga Mira.”

Mama alizima jiko, akapanda ngazi na mwiko mkononi, mimi nyuma yake. Mlango ulipofunguliwa, Mira alikuwa anacheka, njuga miguuni, jasho likimtoka. Sasa najua kwamba katika Kathak, ngoma hiyo ya Kihindi, mdundo hutamkwa kwanza, kisha miguu huurudia.

“Kumbe mnacheza,” Mama akamwambia mama yake Mira, akishusha pumzi. “Haya, mwambie arudie.”

Mira akarudia. Mama akaufuata mdundo, akigonga mwiko kwenye kiganja.