Mwenye Sinia Apishwe

Siku ile naikumbuka kama mtu anavyokumbuka kofi, mwanangu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Moroni, Ngazija, zama za mamluki, nami nimesimama mbele ya mtambo wa simu uliokufa huku ndege ya kwenda kisiwa cha pili, Nzwani, ikitiwa mizigo. Uliponipigia juzi kutoka Unguja ukaniambia wakubwa wako wanataka programu yao ya kuwachungulia wafanyakazi ikae juu ya kazi zote kwenye mashine za hospitali, nilicheka, halafu damu ikanichemka. Kumbe watu hawa hawaishi! Basi leo nimekupigia mimi; kaa nikusimulie, wala usinikate kauli. Mimi sikukatwa kauli na mwenye bastola, sembuse wewe.

Nilikuwa msichana. Nimerudishwa visiwani kutoka Majunga, Madagaska, baada ya watu wetu kuuawa kule, sina kitu ila ufundi wa mitambo niliousomea na mdomo ambao marehemu mama yangu alisema utanifikisha pabaya. Nikapata kazi kwenye mtambo wa simu Moroni, nikapanga chumba Badjanani nyuma ya Msikiti wa Ijumaa. Dada yangu Echati, bibi yako, alikuwa ameolewa Mutsamudu, kwetu Nzwani. Siku hiyo yuko hospitali ya kule, uchungu umemshika, na tumboni yumo mama yako. Asubuhi muuguzi alinipigia: Echati anatoka damu nyingi, na ya kumwongezea hawana. Daktari anapima, atapiga tena kuniambia ni ya kundi gani, niichukue hospitali ya Moroni, ipande ndege ya mchana. Nikamwambia mimi hapa kwenye simu sibanduki. Kweli sikubanduka, ila simu ikabanduka.

Nikueleze mtambo wenyewe, ingawa wewe unayajua haya. Vumilia. Ulikuwa kompyuta yenye ubongo mmoja, na kazi tele zinaugombea. Ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kuna mpanga zamu. Yeye ndiye anayesema: sasa wewe, na wewe subiri. Kila kazi ina daraja lake, na ya juu ikiamka, ya chini inakatizwa palepale hata kama ilikuwa katikati ya neno. Kazi zenye haraka ya kweli, zile ambazo zikichelewa ni sawa na hazikufanyika, ndizo zilizokaa juu: kuitikia mlio, kuunganisha laini. Chini kabisa palikuwa na kijikazi kimoja kinyonge cha kuandika kila simu kwenye diski. Kikianza kuandika kinaifunga diski kwa kufuli, na mwingine haigusi mpaka kimalize. Simu isiyoandikwa haiunganishwi. Waliotengeneza ndivyo walivyopanga, na mambo yalikwenda vizuri tu.

Sasa akaja Kapteni. Huyu alikuwa mmoja wa wale mamluki wa Kizungu waliokuja na bunduki, wakamweka mtawala wanayemtaka, kisha wakabaki eti kutulinda. Kutulinda na nani? Na sisi wenyewe! Watu wa mjini walimwita Bwana Hodi, kwa kuwa hakuwahi kupiga hodi mlangoni mwa mtu. Akaingia Ijumaa wakati watu wako msikitini, mkononi programu mbili kutoka kwao Ulaya. Moja ya kusikiliza laini zote bila kupumzika, nyingine ya kuandika kwenye diski yaliyosikiwa. Akataka zote mbili zipewe daraja la juu kupita kila kitu, mwandishi juu ya msikilizaji.

Nikamwambia mtambo utakabwa koo. Mkurugenzi wetu, mtu mwema, baba wa watoto wengi, akanivuta pembeni. "Dada yangu, wahenga wamesema mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe aende wapi?" nikamjibu. "Mbona keshafika mpaka kitandani?"

Nikakataa kutia mkono wangu. Wakamleta fundi wao, akafanya walivyotaka, Jumapili, sisi hatupo, zianze kazi Jumatatu asubuhi.

Basi Jumatatu ile, muuguzi alipokata simu tu, chumba kizima kikanyamaza. Taa za laini zinawaka na hakuna kinachounganishwa. Nikakaa kwenye kibodi ya msimamizi, ambayo ilikuwa na njia yake ya pembeni ya kuingilia, nikatazama nani anafanya kazi na nani anangoja. Astaghafirullah! Kijikazi changu kilikuwa kimeshaifunga diski, na kabla hakijamaliza kuandika, msikilizaji wa Kapteni akaamka. Yeye yuko juu na hapumziki, kwa hiyo kijikazi kikakatizwa na zamu hakikuipata tena. Yule mwandishi wa Kapteni, mkubwa kuliko wote humo, akawa anangoja diski. Diski inakingoja kijikazi, kijikazi kinangoja msikilizaji anyamaze, na daktari wa Mutsamudu anatungoja sote. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alituingiza na sisi.

Mara mlango huo, pu! Bwana Hodi kaingia na askari wawili, Mkurugenzi nyuma yao anatoka jasho. Maandishi ya Kapteni hayaji. Akaweka bastola juu ya meza, karibu na kikombe changu cha chai, akasema kwa Kifaransa kuwa nimefanya hujuma.

"Hujuma umeileta mwenyewe," nikamwambia, "tena ukaipandisha cheo."

Mwanangu, usidhani sikuogopa. Lakini nilikuwa namwona Echati kitandani, rangi inamtoka, na hasira ikawa kubwa kuliko woga. Akaniuliza, na kwa kweli alikuwa hajui: kazi yake ndiyo kubwa humu ndani, inawezaje kusimama ikingojea kijikazi cha ukarani?

Hapo nikamkumbuka Koko. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba, Mngazija wa Itsandra. Wangazija unawajua na ndoa zao kubwa: asiyeifanya hata azeeke ni mtoto tu, na aliyeifanya hukaa mbele, husema kwanza, hula kwanza. Sisi wa Nzwani tunawacheka, wao wanatuona hatuna adabu. Kwenye ndoa kubwa moja pale Itsandra, ami yangu, aliyekwisha kufanya ya kwake na kofia imemkaa upande kwa kiburi, alisimama mlangoni akakataa kumpisha mwanamke mmoja aliyebeba sinia. Akasema hawezi kumpisha mpishi. Ndani wazee wenye daraja kubwa kuliko yeye wanakingoja hicho hicho chakula. Koko akainuka mbele ya watu wote. "Toka mlangoni! Aliyebeba sinia la wakubwa ni mkubwa mpaka alitue. Unamzuia yeye, au unawazuia wao?" Ami alitoka, tena kinyumenyume.

Nikamweleza Kapteni hivyo hivyo, sikupunguza neno. Kijikazi kimebeba sinia lako, nikasema, na aliyesimama mlangoni ni mtu wako mwenyewe. Huku nasema, vidole vinaandika. Nikakipa kijikazi daraja la yule mkubwa anayekingoja, mpaka kifungue kufuli. Kisha nikamtoa msikilizaji kabisa, nje, kwenye orodha ya kazi hayumo.

"Mrudishe," akasema.

"Simrudishi."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ila wewe hujui mimi ni dada wa nani."

Akaishika bastola. Na mimi, Mungu ni shahidi, nikampa mgongo, kwa sababu simu ilikuwa inalia. Alikuwa daktari wa Mutsamudu, sauti yake inakatikakatika: kundi O, chupa zozote zilizopo, haraka. Nikarudia kwa sauti ili chumba kizima kisikie, na Kapteni naye asikie bure bila mashine. Aliyekimbia alikuwa Mkurugenzi. Yule yule wa mwenye nguvu mpishe akawapita askari, akaingia kwenye gari lake, akachukua damu hospitali akaifikisha kiwanjani na propela zimeshaanza kuzunguka. Mpaka leo namwombea rehema.

Mimi walinichukua kambini kwao. Waliyonifanyia huko si ya kumsimulia mtoto. Waliponiachia sikuwa na kazi tena, na hakuna ofisi Moroni iliyothubutu kuniandika. Nikarudi Mutsamudu, nikawa natengeneza redio kwenye vichochoro vya chini ya ngome, na nyumbani kwa Echati nikamkuta yeye mzima na mama yako ananyonya, analia kwa nguvu kama mwenye deni la kudai. Sijutii hata chembe. Mamluki nao wakaja wakaondoka, na kiburi chao chote.

Sasa wewe. Unayo mashine ya hospitali mkononi, na wakubwa wako wanasema ya kwao iwe juu. Waulize swali moja tu: ikichelewa, nani ataumia? Yule atakayeumia ndiye umweke juu, awe waziri awe mchuuzi, na anayelala salama hata ikichelewa mpaka kesho, akae chini angoje kama watu. Ukimpa daraja mkubwa, mtazame na mnyonge aliyeshika kitu anachokihitaji mkubwa huyo, umpandishe mpaka amalize. Na mwenye daraja la juu asiruhusiwe kukaa humo milele. Hata imamu hushuka mimbari. Wakikutisha na kazi, waachie kazi yao. Utakula mihogo, na hiyo nayo ina ladha yake.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na riziki isiyo na bwana. Akukinge na anayeingia bila hodi, na akikuingilia, Mungu akutie ukaidi. Sasa kata simu, kaandike jibu lako, na neno la kwanza liwe hapana.