Siku Uzi wa Nyavu Uliponivua Suruali Ndani ya Ndege

Ukifika Asembo Bay ukamuulizia Kaptura, utaletwa moja kwa moja kwangu, na kwa kuwa watu wanaisimulia habari hii vibaya (kuna mmoja anadai nilikuwa uchi, jambo ambalo si kweli), nimeona heri niitoe mwenyewe pamoja na aibu yake.

Mzee Okelo, fundi mstaafu wa injini za boti, anajenga ndege ndogo ya watu wawili katika banda lake karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nikimsaidia kupiga msasa na kugonga riveti, zile pini za kuunganishia mabati, kwa sababu shule niliiacha kidato cha pili wazazi wetu walipofariki na wadogo zangu wawili wakabaki wakiniangalia mimi. Lakini kazi niliyoitaka ilikuwa kufunga nyaya za umeme. Mzee alipanga kuleta fundi kutoka Nairobi, nikamwomba na kumwomba mpaka akachoka.

"Haya, nionyeshe kwanza kila waya utapita wapi," akasema. "Jumamosi injinia anakuja kukagua. Akikubali, nyaya ni zako. Akikataa, nisisikie tena habari ya nyaya kwako."

Basi nikachukua uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, mwekundu kwa taa na kijani kwa redio, nikaupitisha kila mahali waya utakapopita, nikaushikilia kwa selotepu, nikihakikisha haugusi chuma chenye makali na kwamba wa redio uko mbali na wa taa. Wiki hiyo yote fimbo ya kuongozea, ile rubani anayoishika mkononi, tulikuwa tumeifunga kwa mkanda wa kiti isitusumbue. Likumbuke hilo, kwa sababu mimi sikulikumbuka.

Jumamosi banda likajaa. Injinia, mama wa maneno machache, alikuja kutoka Kisumu. Mchungaji alialikwa kuiombea ndege, majirani wakajialika, na wadogo zangu Atieno na Ouma walivaa nguo za kanisa kwa sababu niliwaambia waje wamwone kaka yao akipewa kazi. Hapo nikaona uzi mwekundu wa taa ya mkiani umelegea. Ningeuacha tu, nani angejua? Nikaingia kwa mlango mdogo wa mizigo, kichwa mbele, mpaka ndani ya mkia, miguu ikabaki inaning'inia nje, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, ncha ya uzi nikaifunga kwenye suruali yangu, pale mshipi unapopita. (Mshipi wenyewe nilikuwa nimeuvua ili chuma chake kisikwaruze ndege. Nilijiona mwangalifu sana.) Suruali ilikuwa ya marehemu baba, kubwa kiunoni.

Mchungaji akaomba, akamaliza. Nikamsikia injinia akisema, "Fungueni hiyo fimbo nione mkia ukicheza."

Nilitaka kusema ngoja, lakini mdomoni nilikuwa nimeuma selotepu. Mzee akavuta fimbo kidogo, uzi ukakaza. Akaivuta mpaka mwisho, na suruali ya baba ikaondoka kiunoni, kisha ikateremka yenyewe mpaka miguuni. Chini yake nilikuwa na kaptura ya michezo ya ile shule niliyoiacha, ya njano, jina la shule limeandikwa kwa herufi kubwa makalioni.

"Kumbe shule aliiacha, kaptura akakataa kuiacha," jirani mmoja akasema, na banda zima likaangua kicheko.

"Atieno, yule si kaka?" Ouma akauliza.

"Nyamaza. Mimi simjui."

Kisha Mzee akasema, "Fimbo imekataa kurudi," na kicheko kikakatika.

Injinia akamulika ndani kwa tochi. "Uzi umenasa kwenye boliti ya ufito unaotoka kwenye fimbo kusukuma mkia. Nani alipanga njia hii?"

"Mimi," nikajibu kutoka mkiani.

"Ungekuwa waya, na Mzee yuko angani juu ya ziwa, ingekuwaje?"

Mzee akatoa simu. "Nampigia yule wa Nairobi."

Nikajinasua, nikatoka nimeshika suruali mkononi, nikasimama mbele yao wote. "Mzee, weka simu. Injinia bado yuko. Nipe mpaka jioni."

Mzee akarudisha simu mfukoni.

Nikang'oa nyuzi zote, hata zile nzuri. Nikamkalisha Atieno kwenye kiti cha rubani azungushe fimbo kila upande huku nikipitisha uzi mmoja mmoja upya, na yule ambaye asubuhi hakunijua akawa ananiita kwa sauti, "Juu. Chini. Kushoto. Kaka, vaa suruali."

Jioni injinia mwenyewe aliishika fimbo akaipeleka kila pembe. Hakuna kilichogusa. "Huu wa redio ushushe kidogo," akasema. "Nyingine sawa." Mzee hakunisifu. Alinitupia bunda la waya halisi, akaenda kunawa mikono.

Tangu hapo sipangi njia ya waya na fimbo ikiwa imefungwa, na mwilini mwangu sifungi kitu chochote. Suruali ya baba niliipeleka kwa fundi cherehani akaipunguza kiuno. Atieno alisema ni afadhali ninunue nyingine. Nikamwambia hapana, hii ndiyo nitakayovaa siku ndege itakaporuka.